Nani Kasema Alizaliwa Hobart?

Kwa karibu nusu karne, aliyetaka kujua Merle Oberon kazaliwa wapi alipata jibu moja: Hobart, mji mkuu wa Tasmania, kisiwa kilicho kusini mwa Australia. Magazeti ya London yaliandika hivyo. Majarida ya sinema ya Marekani yakaandika hivyo. Ya Australia yakaandika kwa fahari zaidi, maana yalikuwa yakimtaja binti wa nyumbani. Mwenyewe akiulizwa alijibu hivyo hivyo, na hadithi ikatiwa kiraka chake kabisa: kumbukumbu za kuzaliwa zimeungua moto, hazipatikani tena. Lakini habari yenyewe haikuwa ya kweli. Oberon alizaliwa Bombay, India, tarehe 19 Februari 1911, katika familia yenye damu ya Ulaya na ya Asia, na jina alilopewa ni Estelle Merle O'Brien Thompson.

Sasa mfikirie mhariri wa kujitolea wa Wikipedia aliyeamua kuandika wasifu wa mwigizaji huyu. Mbele yake kuna vyanzo chungu nzima vya zamani vinavyosema Hobart, na vichache vya baadaye vinavyosema Bombay. Ingekuwa kura, Hobart ingepita bila kupingwa. Mimi nina mazoea ya kuzisoma kurasa za wasifu wa waigizaji kuanzia chini, pale penye tanbihi, kabla sijagusa maisha yenyewe, na kwa mazoea hayo nimefika mahali nasema bila kusita: wahariri wanaoifanya kazi hii sawasawa ni mafundi wa kweli, na ufundi wao haujapewa heshima yake. Jina lao haliandikwi juu ya makala. Malipo hakuna. Msomaji anasoma mstari mmoja, „alizaliwa Bombay“, anapita zake, asijue kwamba mstari ule umegharimu jioni nzima.

Fundi anaanza na swali moja tu: huyu kajuaje? Gazeti la Sydney la mwaka 1935 limeandika Hobart. Limejuaje? Halikutuma mtu kwenda kufukua daftari la vizazi. Limepokea karatasi ya matangazo kutoka kampuni ya filamu. Jarida la Hollywood nalo? Limepokea karatasi ile ile. Mwandishi wa kitabu cha miaka ya hamsini je? Kasoma jarida. Ukifuata kamba hizo zote hadi mwisho unajikuta mlango mmoja, wa ofisi ya London ya Alexander Korda, mtayarishaji aliyempa Oberon nafasi ya Anne Boleyn katika filamu ya The Private Life of Henry VIII, mwaka 1933, na ambaye baadaye alimwoa. Vyanzo mia, msemaji mmoja, na msemaji mwenyewe alikuwa anauza tikiti. Waislamu wa pwani yetu waliosoma chuoni wanaijua elimu hii tangu zamani kwa jina la isnadi: hadithi ya Mtume haitazamwi maneno yake tu, hutazamwa wapokezi wake mmoja baada ya mwingine, nani kaipokea kwa nani, je, waliwahi kuonana, je, alikuwa mkweli na mwenye kumbukumbu nzuri. Mhariri mzuri wa wasifu anaupima mlolongo wa habari zake kwa macho hayo hayo.

Fundi hasemi tu kwamba Oberon alidanganya na kuishia hapo. Anatafuta chanzo cha kueleza kwa nini, kwa sababu wasifu unaotaja uongo bila sababu unamdhulumu marehemu. Na sababu zipo, tena za kuandikwa kwa tarehe. Mwaka 1917 Marekani ilipitisha sheria iliyowafungia milango wahamiaji kutoka India na sehemu kubwa ya Asia. Mwaka 1923 Mahakama Kuu ya huko ikaamua kwamba Mhindi hawezi kupewa uraia wa kuandikishwa, kwa kuwa si mzungu. Kanuni za maadili za filamu, zilizosimamiwa kwa ukali kuanzia 1934, zilikataza kuonyesha mapenzi kati ya mzungu na mtu mweusi, na wasimamizi wake walizivuta hadi kwa watu wa Asia. Anna May Wong, Mmarekani mwenye asili ya China aliyejulikana wazi kuwa hivyo, alikosa nafasi kuu katika The Good Earth, filamu inayohusu wakulima wa China, na nafasi hiyo akapewa mzungu, Luise Rainer, aliyetunukiwa Oscar kwayo. Katika miaka hiyo hiyo Oberon aliteuliwa kugombea Oscar ya mwigizaji bora wa kike kwa The Dark Angel ya 1935, na mwaka 1939 akaigiza Cathy katika Wuthering Heights pamoja na Laurence Olivier. Angejulikana kuwa na damu ya Asia, milango hiyo isingefunguka. Waandishi wa maisha yake wanaeleza kwamba Charlotte Selby, mama mweusi wa rangi kutoka Ceylon aliyemlea na kuhamia naye Uingereza, mbele ya wageni alipitishwa kama mtumishi wa nyumbani. Ukishaisoma habari hiyo huwezi tena kuiandika Hobart kama ujanja wa mtu mjanja. Ilikuwa kinga.

Hapa ndipo ninapouona ufundi kwa ubora wake, kwenye kujua kwamba chanzo kimoja huaminika kwa jambo moja na hakiaminiki kwa jingine. Mahojiano yoyote ya zamani ambamo Oberon anasimulia utoto wake Tasmania hayafai kitu kwa swali la mahali alipozaliwa. Lakini mhariri hayatupi. Yanafaa sana kuthibitisha kwamba alisimulia hivyo, mwaka huo, kwa gazeti hilo, na hilo nalo ni sehemu ya maisha yake. Karatasi ya matangazo ya kampuni haifai kwa umri, inafaa kwa tarehe ya filamu kutoka. Tahakiki ya filamu haifai kwa ndoa, inafaa kwa kuonyesha uigizaji ulipokewaje. Anayegawa vyanzo mafungu mawili, vizuri na vibaya, amefika nusu ya njia tu.

Chukua mfano wa Charles Higham. Yeye na Roy Moseley walichapisha mwaka 1983 kitabu cha maisha ya Oberon, Princess Merle, kilichouambia ulimwengu kwamba mzaliwa wa Hobart ni mzaliwa wa Bombay. Kwa hiyo mhariri ampokee Higham kwa mikono miwili? Ngoja kwanza. Mwaka 1980 Higham huyo huyo alikuwa ametoa kitabu juu ya mwigizaji Errol Flynn, akidai kwamba alikuwa jasusi wa Wanazi, na waandishi wengine walipozilinganisha nyaraka za serikali alizozinukuu na nakala zake halisi walimshutumu kwamba alizipotosha. (Flynn, kwa njia, ndiye aliyezaliwa Hobart kikwelikweli, mwaka 1909.) Basi mhariri anafanyaje na mwandishi aliyepatia hapa na kulaumiwa kule? Hamkatai jumla, wala hammezi mzima. Anachukua kwake lile ambalo mtu mwingine, kwa njia nyingine, amelithibitisha. Mazungumzo ya faraghani ambayo hakuna aliyeyashuhudia anayaacha kitabuni. Na pale anapolazimika kumtegemea Higham peke yake, anamtaja kwa jina ndani ya sentensi, ili msomaji ajue mzigo huo umebebwa na nani.

Kwa Bombay, huyo mtu mwingine alipatikana. Mwaka 2002 mtengeneza filamu wa Australia, Marée Delofski, alitoa filamu ya kumbukumbu iitwayo The Trouble with Merle. Ndani yake anasikika ndugu wa Oberon aliyehamia Kanada, mtu aliyekulia katika familia akiamini kwamba Merle ni mama yake mdogo. Alikwenda kutafuta kumbukumbu za serikali huko Bombay, akakipata cheti cha kuzaliwa, na cheti kikamwambia jambo ambalo hakulitegemea: mama mzazi wa Merle si Charlotte. Ni Constance, binti wa Charlotte, aliyemzaa akiwa bado mtoto. Constance huyo ndiye mama wa ndugu huyo pia. Mama mdogo akageuka dada. Habari hii alimficha Higham wakati wa utafiti wa kitabu, akaja kuitoa kwa Delofski miaka mingi baadaye. Kwa hiyo kitabu cha 1983, kilichosahihisha uongo wa Hobart, kilimtaja mama asiye mzazi, na filamu ya 2002 ikakisahihisha kitabu.

Itazame sasa sehemu ndogo ya makala, ile ya „Maisha ya awali“, jinsi inavyojengwa. Sentensi ya kwanza inataja jina kamili, mji na tarehe, na tanbihi yake inakwenda kwenye kazi iliyokikagua cheti. Mhariri hachukui picha ya cheti aliyoiona mtandaoni akaisoma mwenyewe na kutoa hukumu, kwa sababu Bombay ya 1911 ilikuwa na akina Thompson wengi, na kujua huyu ndiye ni kazi ya mtafiti aliyeifuata familia. Sentensi ya pili inasema alilelewa na Charlotte kama mama yake. Tanbihi inaweza kuwa ya kitabu cha 1983, maana kwa hilo kitabu kiko sahihi. Sentensi ya tatu inamtaja Constance, na hapo tanbihi inabadilika, inakwenda kwa Delofski. Nambari tatu ndogo zilizopachikwa juu ya mistari, kila moja mahali pake hasa, hata msomaji akitaka kubisha jambo la Constance anajua ni mlango upi wa kugonga. Mhariri mvivu angezirundika zote tatu mwisho wa aya. Zingeonekana nyingi na za kupendeza, na hakuna ambaye angejua ipi inashikilia nini.

Bado Tasmania yenyewe ilikuwa na mashahidi wake. Wapo watu wa huko waliosimulia, kwa moyo mweupe kabisa, kwamba Merle alikuwa mtoto wa mwanamke wa asili ya China aliyefanya kazi hotelini, akachukuliwa angali mdogo na kupelekwa India. Mwaka 1978, mwaka mmoja kabla ya kufariki, Oberon alifika Hobart na meya wa jiji akamwandalia hafla ya mapokezi. Mashahidi wengi wasioongopa, wenye kumbukumbu inayowapendeza, ndio mtihani mgumu kuliko tapeli. Makala nzuri haiwakejeli. Inaipa habari yao aya yake kama historia ya imani ya watu, ikieleza ilianzaje na nani aliichunguza, na haiiruhusu kuingia kwenye mstari wa kuzaliwa.

Kuna pia vitabu vinavyofanana na chanzo na si chanzo. Michael Korda, mpwa wa Alexander, alichapisha mwaka 1985 riwaya iitwayo Queenie, na mwaka 1987 ikatengenezwa kuwa tamthilia ya televisheni. Kila aliyeisoma alijua inamhusu nani, na mwandishi alimfahamu mhusika kwa karibu. Lakini ni riwaya. Haithibitishi hata tarehe moja. Nimeona watu wakiinukuu kana kwamba ni ushahidi, na nimeona mhariri mwingine akipita nyuma yao, taratibu, akiiondoa nukuu na kuandika sababu kwenye ukurasa wa majadiliano. Huyo wa pili ndiye ninayemsifu hapa.

Waigizaji walio hai wana sheria kali zaidi, na ni haki iwe hivyo. Mwaka 2005 mtu asiyejitaja jina aliandika ndani ya Wikipedia kwamba John Seigenthaler, mwanahabari mkongwe wa Marekani, alishukiwa kuhusika na mauaji ya akina Kennedy. Uongo huo ulikaa zaidi ya miezi minne. Baada ya Seigenthaler kulieleza taifa gazetini, Wikipedia ya Kiingereza iliweka kanuni yake juu ya wasifu wa watu walio hai: jambo linaloweza kumdhuru mtu, lisipokuwa na chanzo madhubuti, linaondolewa papo hapo, bila kungoja mjadala. Kwa mwigizaji wa kike dhara hilo mara nyingi huanza na umri. Tovuti ya IMDb, ambayo wengi huikimbilia, hupokea habari nyingi kutoka kwa watumiaji wake, na kwa sababu hiyo wahariri hawaikubali kuwa ushahidi wa tarehe ya kuzaliwa. Mwigizaji mmoja wa Marekani aliishtaki mwaka 2011 kwa kuuanika umri wake, akidai kwamba unamkosesha kazi, na akashindwa mahakamani mwaka 2013. Jimbo la California likatunga sheria ya kuwalinda waigizaji dhidi ya jambo hilo mwaka 2016, nayo mahakama ikaitupilia mbali kwa hoja ya uhuru wa kusema. Sheria ya nchi haikumkinga. Kinachobaki ni busara ya mhariri: kama tarehe haijachapishwa kwa upana katika vyanzo vya kuaminika, au mwenyewe hajaitangaza, basi mwaka unatosha, na wakati mwingine hata huo hauandikwi.

Lupita Nyong'o ni mfano wa jirani yetu unaofurahisha kuufuata. Alizaliwa Mexico City tarehe 1 Machi 1983, wakati baba yake, Peter Anyang' Nyong'o, alipokuwa akifundisha huko, na familia ikarudi Kenya angali mdogo kabisa. Aliposhinda Oscar mwaka 2014 kwa 12 Years a Slave, magazeti ya pande mbili za dunia yalimgombania, ni wa Mexico huyu au wa Kenya, na mhariri aliyesoma mwenyewe anavyojieleza hakuona ugomvi wowote, kwa kuwa amekuwa akisema ni wa kote kuwili. Kisha kuna makala aliyoiandika kwa mkono wake katika New York Times, Oktoba 2017, juu ya aliyotendewa na mtayarishaji Harvey Weinstein. Ni chanzo cha thamani kubwa, kwa kuwa msemaji na aliyepatwa na jambo ni mtu mmoja. Weinstein kupitia msemaji wake alitoa kauli ya kupinga maelezo hayo. Kwa hiyo sentensi ya fundi inaandikwa hivi: Nyong'o aliandika kwamba, na yanafuata maelezo kama alivyoyatoa, halafu sentensi fupi ya upande wa pili. Hakuna neno la kuyadunisha maelezo yake, wala neno la mhariri mwenyewe la kuongeza chumvi. Kuandika namna hiyo juu ya jambo linalokuchoma moyo kunataka nidhamu kuliko watu wanavyodhani.

Na zana za kazi ni za kushangaza, zikipata mtu wa kuzitumia. Maktaba ya Taifa ya Australia ina hazina iitwayo Trove, yenye kurasa za magazeti ya zamani zilizopigwa picha, ambayo mtu aliye Mombasa au Bujumbura anaweza kuifungua bure na kusoma gazeti la Hobart la 1934 likimsifia Oberon. Majarida ya kale ya sinema ya Marekani yamekusanywa katika maktaba ya kidijitali ya historia ya vyombo vya habari, Media History Digital Library. Wayback Machine inatunza sura za zamani za tovuti, ili tanbihi isife siku tovuti inapofungwa. Na mhariri wa Wikipedia aliyetimiza miezi sita na mabadiliko 500 hufunguliwa mlango wa Maktaba ya Wikipedia, ambamo yamo makusanyo ya majarida ya kitaalamu yanayouzwa kwa bei ambayo wengi wetu hatuiwezi. Fundi akishapata ukurasa wake anaandika jina la mwandishi, kichwa cha habari, gazeti, tarehe, ukurasa. Anaweka pia kiungo cha nakala iliyohifadhiwa. Haonekani akifanya hivyo, ila mtu atakayekuja miaka kumi baadaye ataikuta njia imefagiliwa.

Zana hizo zinawahudumia Oberon na Nyong'o. Mwigizaji wa Dar es Salaam aliyeanza kwenye vikundi vya maigizo, akapita kwenye tamthilia za televisheni kabla ya kuingia Bongo Movie, hazimfikii sana. Wikipedia ya Kiswahili ilianza mwaka 2003, na makala zake nyingi za waigizaji bado ni zile fupi ambazo wahariri wake huziita mbegu. Uvivu si sababu. Ukimtafuta mwigizaji wa namna hiyo utakuta tovuti kadhaa za burudani zenye aya moja ile ile, hata kosa la herufi ni lile lile, na huenda moja kati yao iliichota aya hiyo kwenye Wikipedia yenyewe. Mhariri mwaminifu anaijua hatari ya duara hilo: Wikipedia inaandika bila chanzo, gazeti linanakili, kisha gazeti linarudishwa kuwa chanzo cha Wikipedia. Anaangalia tarehe, nani alitangulia, na akiona duara anaiacha habari nje. Makala inabaki fupi. Mimi naiheshimu makala fupi ya mistari sita yenye tanbihi sita kuliko kurasa tatu za porojo.

Magazeti yaliyomhoji mwigizaji huyo alipokuwa kijana yapo, lakini yako kwenye makabati ya watu. Zipo ratiba za maonyesho ya jukwaani zilizochapwa na majina ya washiriki, mabango ya filamu yenye mwaka, majarida ya burudani yaliyoacha kutoka zamani. Kama unayo nyumbani, usiyafungie vitumbua. Piga picha ukurasa mzima, pamoja na sehemu ya juu yenye jina la gazeti na tarehe, usikate pembeni. Peleka nakala yenyewe kwenye maktaba ya mkoa au ya chuo iliyo karibu nawe, na uombe iandikwe kwenye orodha yao, maana mhariri anahitaji kumwambia msomaji mahali pa kuikuta.